Dampo na Ziwa: Juu ya Taka za Bunda na Mwambao wa Guta

Ardhi ya Guta huteremka polepole kuelekea Ghuba ya Speke, na sehemu kubwa ya mvua inyeshayo juu ya mji wa Bunda, baada ya kupita sokoni, stendi, machinjioni na katika mitaro ya mitaa, haina njia nyingine ya kushika ila hiyo ya ziwani. Na kutoka ziwani humo, pale Nyabehu katika kata ya Guta, mitambo huyavuta maji na kuyapandisha mjini yakanywe. Mtu akiyatazama mambo hayo mawili kwa pamoja hahitaji kuambiwa kwa nini suala la mahali pa kutupia taka, ambalo katika miji iliyo mbali na maji laweza kuhesabiwa kuwa jambo la harufu na nzi tu, katika mwambao huu limekuwa suala la kinywaji na kitoweo.

Zamani suala hili halikuwapo, au lilikuwapo kwa kadiri ndogo mno hata lisistahili jina. Nyumba ya Mjita au ya Msukuma katika vijiji vya Guta ilitoa maganda ya mihogo, majivu, makapi ya mtama na miiba ya samaki, na vyote hivyo vikaliwa na kuku, mbuzi na mchwa kabla mvua haijavifikia. Shimo nyuma ya nyumba lilitosha, na likijaa likafukiwa, na mgomba ukapandwa juu yake. Shimo hilo lingali liko, walakini kinachotupwa ndani yake kimebadilika: nepi za watoto, chupa za plastiki, betri za tochi, vifuko vya sabuni na vya viungo, vipande vya nyavu, pakiti za dawa za mifugo na za pamba. Mchwa hali nepi. Ndipo watu wanapotia moto, na moshi ule mweusi wa jioni, ambao wengi huuona kuwa ni dalili ya usafi, ukabeba sumu ambazo shimo lenyewe lisingeweza kuzitoa.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018 juu ya taka za ulimwengu, ilikadiria kwamba mtu mmoja katika Afrika iliyo kusini ya Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku, na kwamba katika eneo hilo zima ni asilimia 44 tu ya taka inayokusanywa. Tukiuchukua mji wenye watu laki moja kwa mfano, hesabu hiyo inatupa tani 46 kwa siku, ambazo kati yake malori na mikokoteni huzipata tani 20 hivi, na zilizosalia hubaki mitaroni, mashimoni na motoni. Lakini uzito si habari yote. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya taka, na aghalabu zaidi sana ya nusu, ni vitu vilivyooza au vitakavyooza kabla ya juma kwisha: majani ya mboga, maganda ya ndizi, maembe yaliyopondeka, matumbo ya samaki. Hiyo ndiyo sehemu nzito na yenye maji, na ndiyo chanzo cha karibu maovu yote yanayosingiziwa plastiki.

Kwa maana taka ya maji, ikirundikwa na kukandamizwa pasipo hewa, haikai kimya. Huchemka kwa joto la kuoza kwake. Hutoa gesi ya methani, ambayo kwa muda wa miaka mia hulipasha anga joto kwa nguvu iliyo takriban mara 28 ya hewa ya ukaa, na ambayo ikikutana na cheche huwaka chini kwa chini kwa majuma mengi. Tena huchuruza maji meusi yaliyobeba chumvi, amonia, vijidudu na madini mazito, yanayozama ardhini au kushika mtaro wa kwanza yatakaouona. Na rundo likizidi kimo huku limelowa maji, huteleza kama mlima wa tope. Addis Ababa ilishuhudia hayo tarehe 11 Machi 2017 katika jalala la Koshe, walipokufa watu zaidi ya mia moja; Maputo ikafuata mwezi Februari 2018 katika jalala la Hulene, wakafa 17.

Msiba wa tatu ndio ulio karibu nasi zaidi, ng'ambo ya ziwa hili hili, na una mafunzo kupita yote. Dampo la Kiteezi, kaskazini ya Kampala, lilifunguliwa mwaka 1996, na halikuwa jalala la kienyeji: lilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, likachimbwa kwa vipimo, likawekewa mtambo wa kusafishia yale maji meusi. Kwa kila kipimo cha karatasi lilikuwa dampo la kisasa. Lakini jiji liliongezeka, eneo likajaa, maofisa wakasema limejaa, na mwaka baada ya mwaka malori yakaendelea kupanda juu ya rundo, kwa sababu mahali pengine hapakuwa pametayarishwa. Hata Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima ukakatika ukazifukia nyumba zilizokuwa chini yake, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwezi uliofuata wakuu wa mamlaka ya jiji waliachishwa kazi. Sina la kusema juu ya adhabu hiyo, ila hili: dampo halikuvunjika siku ile, lilivunjika siku ambayo kazi ya kila jioni ya kusawazisha, kushindilia na kufukia ilipoanza kuahirishwa, na siku hiyo haikuandikwa katika gazeti lolote.

Hoja yangu katika makala hii ni hiyo hiyo tu. Sisi huliona dampo kuwa ni jengo, kitu kinachogharimiwa mara moja, kikazinduliwa kwa utepe na hotuba, na kisha kikaachwa kijiendeshe. Ilhali dampo ni utumishi wa kila siku, unaokula dizeli, kifusi na mishahara, na ukikoma kwa msimu mmoja wa masika, kilichosalia ni jalala lenye uzio.

Tanzania ina historia yake katika jambo hili, nayo yafaa kukumbukwa na kila mji mdogo unaotafuta mahali pa kutupia. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa nchini, na huduma za miji, usafi ukiwa wa kwanza, zikadhoofu hata mabaraza ya miji yakarejeshwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikayakabidhi upya dhima ya kuzoa na kutupa taka. Dar es Salaam ilikuwa ikitupa Tabata. Wakazi wa Tabata, waliokuwa wamevuta moshi wa jalala kwa miaka mingi, walilishitaki Baraza la Jiji katika Mahakama Kuu mwaka 1988, wakapewa amri ya kulifunga. Baraza likaomba muhula baada ya muhula, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa kuongeza siku, akaitaja haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba, na akastaajabu kwa maneno makali kwamba chombo cha umma chaweza kuja mahakamani kuomba idhini ya kuchafua hewa ya watu. Hukumu hiyo ilipendeza, nayo imesomwa na wanasheria mpaka nje ya nchi. Je, malori yalikwenda wapi? Yalikwenda Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakashitaki, nao wakashinda. Yakaenda Vingunguti, katika bonde la Msimbazi. Kisha Mtoni, karibu na mto Kizinga. Na hatimaye Pugu Kinyamwezi, ambako yanakwenda hata leo.

Tazama mwendo huo juu ya ramani, nawe utaona kwamba kwa miaka mingi kanuni ya kuchagua dampo haikuwa udongo, wala mteremko, wala kina cha maji ya chini. Ilikuwa ukimya wa majirani. Taka ziliondoka penye watu waliojua njia ya mahakama, zikaelekea penye watu ambao bado hawajaijua. Bunda, Musoma na Butiama, kwa udogo wao, zingali na nafasi ya kuchagua kwa kanuni iliyo bora. Lakini nafasi hiyo haikai milele. Upande wa Bunda hasa, ardhi imebanwa: magharibi liko ziwa, kusini na mashariki iko hifadhi ya Serengeti, na katikati pamejaa mashamba, malisho na barabara kuu ya kwenda Mwanza. Dampo lisilofukiwa katika nchi kama hiyo huwaita nyani, fisi na makongoti kwa karamu, na mnyama aliyezoea kula jalalani hana tena mpaka anaouheshimu.

Katika miji mikubwa zaidi, mradi wa miji ya kimkakati ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulijenga madampo ya kisasa, kama lile la Chidaya huko Dodoma na mengine ya Mwanza, Arusha na Tanga. Ni kazi njema. Lakini mji wa kadiri ya Bunda ukiketi kuusubiri mradi wa namna hiyo utasubiri sana, na ukiupata huenda ukapata mitambo usiyoweza kuinunulia vipuri. Wako pia wanaopendekeza taka zichomwe kwa kuzalisha umeme, wakiutaja mtambo wa Reppie uliofunguliwa Addis Ababa mwaka 2018. Hao nawajibu kwa ufupi: taka iliyo nusu maji haichomeki bila kuongezewa mafuta, na mji wa tani 20 kwa siku hauwezi kulisha tanuri lililoumbwa kumeza mamia.

Tuje basi kwenye lile linalowezekana, na tuanze na udongo, maana ndio mali ambayo Guta inayo tele. Nyanda za mwambao huu zina udongo mweusi wa mbuga, ule ambao mkulima wa pamba anaujua kwa jembe lake: wakati wa masika unanata hata gari halipiti, na maji yanasimama juu yake siku nyingi. Tabia hiyo inayomkera dereva ndiyo anayoitafuta mhandisi wa dampo, kwa kuwa sakafu ya dampo haina budi kuzuia maji meusi yasizame, na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri huyapitisha kwa mwendo usiozidi sentimita chache kwa mwaka. Kuna hadhari moja, nayo ni kubwa. Udongo huu huu, kiangazi kikikaza, hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono. Na sakafu iliyoshindiliwa mwezi wa Juni ikaachwa uchi mpaka Oktoba, siku ya vuli itavuja kwa kila ufa. Kwa hiyo yapasa ishindiliwe ikiwa na unyevu, tabaka juu ya tabaka, kisha ifunikwe mara moja kwa mchanga na kokoto, wala isichimbwe sehemu kubwa kuliko ile itakayotumika katika mwaka huo. Jambo hili si la fedha nyingi. Ni la kalenda, na kalenda ya zabuni za serikali, ambayo mwaka wake wa fedha huanza Julai katikati ya kiangazi, haikupangwa na mtu aliyewahi kulima mbuga.

Juu ya sakafu hiyo, njia ninayoiona kuwa yafaa zaidi kwa hali yetu ni ile iliyobuniwa Fukuoka, Japani, katika miaka ya 1970. Siri yake ni mabomba makubwa yenye matundu, yaliyolazwa chini kwa mteremko na kuzungushiwa mawe, ambayo mwisho wake mmoja umeachwa wazi hewani. Maji meusi hutoka upesi badala ya kutuama, na joto la taka zinazooza hupanda likavuta hewa safi kuingia kwa chini kupitia mabomba yayo hayo, pasipo mashine wala umeme. Taka zilizopata hewa huoza haraka zaidi, hutoa methani kidogo, na maji yake huwa hafifu kwa uchafu. Palipokosekana mabomba ya kununua, mianzi na mapipa matupu ya mafuta yametumika na yakafaa. Thika, nchini Kenya, katika jalala la Kang'oki, njia hii imekwisha kujaribiwa, hata hapana haja ya kumpeleka afisa wetu Japani akajifunze. Basi la Sirari litamfikisha mpakani, na mengine yatampeleka Thika.

Kinachosalia ni kufukia. Sentimita 15 za udongo juu ya taka za siku, kila jioni, ndiyo amri ya kwanza ya kazi hii duniani kote. Huzuia nzi, harufu, moto, ndege na karatasi zinazopeperuka. Nayo ndiyo inayoanza kuvunjwa, kwa sababu inahitaji buldoza, na buldoza inahitaji dizeli, na fungu la dizeli ndilo la kwanza kupunguzwa bajeti ikibana.

Hapa ndipo halmashauri jirani zingeweza kusaidiana, ingawa si kwa namna inayosemwa mara nyingi. Husemwa kwamba Musoma, Butiama na Bunda zijenge dampo moja la pamoja. Kwa ramani pendekezo hilo ni zuri. Kwa tangi la mafuta ni ghali, kwa maana kutoka Musoma hata Bunda ni zaidi ya kilomita 60, na lori linalotumia nusu ya siku barabarani huacha vizimba vya sokoni vikifurika. Kinachofaa kushirikiwa ni mashine na ujuzi: buldoza moja na kijiko kimoja kinachozunguka kwa zamu, mhandisi mmoja anayekagua madampo yote, na mkataba mmoja wa vipuri. Taka hazina budi kulazwa karibu. Chuma chaweza kusafiri.

Na ada? Katika miji mingi kaya huona uchungu kulipa ada ya taka, na mara nyingi wana sababu, kwani aliyelipa na asiyelipa wote huuona ule ule mlundo mbele ya nyumba. Pengine mtu atasema kwamba kazi ya kujitolea yatosha badala ya ada. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilisitishwa, na Rais Magufuli akawaita wananchi kushika ufagio, wakati kipindupindu kilichoanza Agosti mwaka ule kingali kikiua. Na tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa siku ya usafi nchini kote. Siidharau desturi hiyo. Lakini ufagio hukusanya tu, na palipokosekana lori siku ya Jumatatu, Jumamosi imehamisha taka kutoka uani kwenda mtaroni, yaani imezisogeza karibu na ziwa.

Bora zaidi ya kufukia vizuri ni kuwa na kidogo cha kufukia. Nimekwisha kusema kwamba maji ya taka ndiyo adui. Basi mwenye kuitoa taka mbichi kabla haijapanda lori amelipunguzia dampo zaidi ya nusu ya mzigo wake na karibu sumu yake yote. Kinondoni, kwa msaada wa jiji la Hamburg, imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kinachotumia taka za masoko, na mfano huo wafaa kuigwa kwa kadiri ndogo: soko la Bunda lina taka safi kuliko za majumbani, hazijachanganyika na vioo wala nepi, na mashamba yaliyochoka kwa pamba na mihogo hayako mbali. Mushkili wa mboji ni soko lake. Mkulima hatanunua gunia zito la mboji ikiwa samadi ya ng'ombe anaipata bure zizini, na katika nchi ya wafugaji samadi si haba. Kwa hiyo mboji ihesabiwe kwa gharama ya dampo iliyookolewa, si kwa faida ya kuuzwa, na igawiwe bure bustani za mboga na vitalu vya miche ya shule ikibidi. Kwa mabaki ya samaki hesabu ni nyepesi zaidi: kuku na nguruwe hawakatai.

Mialo ina mambo yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mtu asingethubutu kujenga dampo pale. Lakini kila mwalo ni jalala dogo lisilo na jina, lenye nyavu chakavu, maboya yaliyopasuka, chupa za mafuta ya injini na mifuko iliyofungia dagaa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 ilisafisha sehemu ya aibu hiyo, ila nyavu za nailoni hazikuwamo. Tena, katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018, nyavu haramu zilizokamatwa ziliteketezwa kwa moto hadharani, na sijasikia aliyeuliza moshi ule ulikwenda wapi. Watafiti waliowachunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza walieleza mwaka 2016 kwamba walithibitisha plastiki katika matumbo ya samaki mmoja kati ya watano. Ziwa hili, kwa ukubwa wake wote wa kilomita za mraba 68,800, lina kina cha wastani wa mita 40 tu. Si shimo la kufichia kitu. Kikundi cha ulinzi wa rasilimali cha kila mwalo kingeweza kupewa kizimba chenye paa kwa ajili ya nyavu na chupa, na mnunuzi wa skrepa angefika mwenyewe.

Huyo mnunuzi wa skrepa, pamoja na vijana wanaookota chupa, ni watu ambao mipango yetu huwasahau au huwafukuza. Nao wanalipwa na kiwanda kwa kazi ambayo halmashauri ingelipa ili ifanyike. Wasiachwe, hata hivyo, kufanya kazi hiyo juu ya rundo lenyewe: uchunguzi uliofanywa mwaka 2007 kwa niaba ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, karibu na jalala la Dandora mjini Nairobi, uliwapima watoto 328, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubalika. Mahali pao pawe langoni, kwenye banda la kuchambulia, kabla ya taka kufikia udongo. Sindano na bandeji za hospitali zisifike hapo kabisa. Tanuri la hospitali ndilo kaburi lake.

Kabla ya lori la kwanza, basi, kabla hata ya kuchagua kiwanja, vichimbwe visima vya uchunguzi, kimoja juu ya eneo linalokusudiwa na viwili au vitatu chini yake upande wa ziwani, na maji yake yapimwe kiangazi na masika, ili ijulikane yalikuwaje kabla ya taka. Pasipo kipimo hicho cha kwanza, ugomvi wowote utakaozuka baadaye kati ya halmashauri na wenyeji wa Guta utakuwa wa neno dhidi ya neno, na Tabata imetuonyesha ugomvi huo huchukua miaka mingapi. Kisha vipimo virudiwe kila robo mwaka, na majibu yake yabandikwe katika ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili na kwa tarakimu, kando ya hesabu ya ada iliyokusanywa na lita za dizeli zilizonunuliwa.